Macho Yaliyomwona Mfalme

Sehemu ya Kumi na Moja

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Saa mbili asubuhi jua lilikuwa limekwisha kuwa kali juu ya Lubumbashi. Mawingu ya mvua ya kwanza yalikuja alfajiri, yakazunguka kidogo upande wa uwanja wa ndege wa Luano, yakaondoka bila kuacha hata tone. Vumbi jekundu lilibaki hewani juu ya mabati ya mtaa wa Annexe, na watu walikuwa wakikohoa.

Wiki iliyopita tulimwacha Onésime amesimama katika ua wa nyumba ya ukoo, simu mkononi. Ujumbe wa WhatsApp ulikuwa umeingia. Ulitoka kwa Guelord. Kidole cha Onésime kilikuwa juu ya kioo.

Alifungua.

Ilikuwa picha. Uso wa mfalme Lwembesha, mjomba wake, juu ya kitanda cha chuma. Pamba puani. Shuka hadi kidevuni.

Onésime aliitupa simu chini kama mtu aliyeshika kaa la moto. Lakini alama mbili za buluu zilikwisha kuonekana kwenye simu ya mtumaji, na mtumaji hakuwa mbali. Alikuwa getini.

– Ameona! Guelord alipiga kelele akiingia. Nkambo! Bamama! Beye bote muko bashahidi! Onésime ameona maiti ya mfalme!

Wanawake waliokaa kwenye mikeka walishika vichwa. Mmoja alianza kulia.

Kwa wewe unayetusoma leo kwa mara ya kwanza, sikia jambo hili, kwa maana kila kitu kinasimama juu yake. Katika nchi ya Lwembesha, kule kwenye barabara ya Kambove, kiti cha mfalme hakiendi kwa mwanawe. Kinakwenda kwa mtoto wa dada yake. Na mrithi huyo hapaswi kamwe kumwona mfalme akiwa amekufa. Mpaka siku atakapopakwa pemba, udongo mweupe, usoni, kwake yeye mfalme ni mgonjwa tu. Watu wote husema, «Mfalme ana mafua.» Mrithi akimwona maiti, kiti kimemkataa. Hakuna faini wala sala inayofuta jambo hilo.

Pemba ilikuwa tayari ndani ya bakuli. Onésime alipaswa kupakwa saa sita mchana, siku ile ile.

Na kiti hicho si ubao tu. Chini ya mlima Kabuluku kuna kobalti. Juu ya mlima kuna vijiji vitatu na makaburi ya wazee. Kampuni moja ilikwisha kuandika karatasi ya kuuondoa mlima na watu wake. Ilikosekana alama moja tu chini ya karatasi: cachet ya mfalme, muhuri wake. Karatasi hiyo ilikuwa ndani ya koti la Guelord.

– Mufyala, Guelord alimwambia Onésime akitabasamu, haraka ya nini? Hata bonjour yangu haukujibu, unakimbilia mapicha.

Mufyala ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Guelord ni mwana wa mfalme, Onésime ni mtoto wa dada ya mfalme, na watu wa namna hiyo wana ruhusa ya kutaniana hata msibani. Lakini utani huo hakuna aliyeucheka.

– Wewe njo ulituma, Onésime alisema. Ulijua iko nini ndani.

– Nilituma habari ya papa yangu. Ni kosa? Weye njo una macho.

– Nyamazeni! ilisema sauti kutoka kwenye mkeka wa katikati.

Ilikuwa sauti ya Nkambo Claudine, bibi wa ukoo. Ana miaka themanini na moja, na miwani yake imefungwa kwa uzi. Ni dada mdogo wa mama aliyemzaa mfalme. Yeye ndiye mkubwa wa wanawake wanaolinda kiti, na neno lake likitoka limetoka.

– Leteni ile telefone.

– Nkambo, usiangalie, Guelord alisema kwa upole. Iko mubaya.

– Mimi niliosha bafalme babili kwa hii mikono. Leta.

Simu iliwekwa juu ya mkeka. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini picha ilikuwa bado pale. Bibi huyo aliinama, akaitazama kwa muda mrefu.  Aliigeuza simu kifudifudi.

– Bamama, mufu tunamufanya nini kwanza?

– Tunamuosha, nkambo.

– Hii tunaiosha na nini?

– Ukiosha hii na mayi, njo inakufa ya kweli, alisema mama mmoja mnene nyuma, na hapo kicheko kidogo kilipita juu ya mikeka.

– Tena mufu tunamubeba bantu sita, bibi aliendelea. Hii mutoto wa masomo anaitia mufukoni. Kama picha iko maiti, basi kwa nyumba yangu kuna maiti kumi na mbili kwa ukuta, na ninakulaka chakula mbele yao kila siku. Hapana. Onésime hakuona maiti. Aliona picha.

Wanawake walipiga makofi matatu, taratibu, kama wanavyofanya wakikubali neno la kiti.

Guelord hakutabasamu tena.

Ngoja sasa nikuambie kilichokuwa ndani ya moyo wa Onésime, kwa sababu yeye peke yake hakufurahi. Picha ile haikumwondolea kitu chochote. Alikwisha kupoteza kila kitu siku kumi kabla.

Jumamosi ile, saa tisa alasiri, alikuwa katika chumba cha kliniki na mjomba wake. Siku kumi na moja alikuwa amemuuguza kwa siri, akimwaga beseni, akimgeuza kitandani. Jioni ya kwanza mzee alimwomba ahadi: «Kamata kiti. Usiache bauzishe Kabuluku.» Onésime akaahidi. Jumamosi ile mzee alimwomba ahadi nyingine. Alimshika mkono akasema: «Usiniache peke yangu. Ninaogopa.»

Mfalme mzima aliogopa, kama mimi na wewe tutakavyoogopa.

Onésime alijua desturi. Alijua angepaswa kutoka nje na kufunga mlango. Hakutoka. Alibaki mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyemfumba macho kwa vidole vyake. Kwa kutimiza ahadi ya pili alivunja ya kwanza.

Mtu mmoja tu aliye hai alijua: Estelle, muuguzi, na Onésime alikuwa amemwomba asimwambie mtu.

– Guelord, Nkambo Claudine alisema, sasa ulizo yangu. Hii picha nani alipiga?

Guelord alisukuma miwani yake ya jua juu ya pua.

– Juzi ulipeleka barua kwa serikali, kwa territoire, bibi alisema, ulisema weye njo utakuwa mfalme. Mutoto wa mfalme anataka kiti, sawa, dunia imebadilika. Lakini mwenye kutaka kiti anafuata sheria ya kiti. Kama ulisimama pale na telefone yako, weye njo umeona maiti.

Guelord alifuta jasho shingoni.

– Hapana, nkambo! Mi sikuingia! Infirmière njo alipiga, mi nilimuomba tu anitumie. Iko hapa inje, ndani ya motoka. Nilimuleta juu ya ushahidi. Estelle! Kuya!

Mlango wa gari ulifunguka. Estelle aliingia na viatu vyake vyeupe vya kazi, mkoba ukiwa kifuani. Ni binti wa Kasai, mnyenyekevu, husema polepole. Alipomwona Onésime aliangalia chini.

 Guelord alikuwa amemleta shahidi ajiokoe yeye mwenyewe. Hakujua kwamba kinywa cha mwanamke huyo kilikuwa na siri ya kumwangusha adui yake kwa neno moja.

– Mutoto wangu, bibi alimwambia, weye njo ulipiga picha?

– Ndiyo, mama. Guelord aliniambia familia ya Kambove inaomba. Sikujua desturi yenu. Munisamehe.

– Guelord aliingia kwa chumba?

– Hapana. Alibakia kwa parking.

– Ah! Guelord aliinua mikono kumshukuru Mungu. Merci, Seigneur!

– Nyamaza, sijamaliza. Estelle, wakati ile mafua ya mfalme ilimushinda, ndani mulikuwa nani?



Estelle aliinua macho. Alimtazama Onésime mara moja, haraka. Kwa siku kumi na moja alikuwa amemwona mtu huyu akilala sakafuni kando ya kitanda cha mjomba wake.

– Hakukuwa muntu, mama.

– Hakuna hata moja?

– Hakuna. Alikufa peke yake. Miye niliingia, nikakuta imekwisha.

Alisema uongo. Alimwokoa Onésime. Kiti kilikuwa chake sasa, na mlima, na vijiji vitatu.

Lakini Nkambo Claudine aliinama mpaka paji la uso likagusa magoti yake.

– Peke yake, alisema. Mwana wa dada yangu. Nani alimupa mayi?

– Hakuna, mama.

– Hata kijiko?

– Hakuna.

Kilio kilitoka kwenye mikeka yote. Sikia jambo hili: kwa watu hawa, mtu kufa bila mkono wa ndugu ni aibu kubwa kuliko kifo chenyewe. Onésime alisimama pale akisikia mjomba wake akililiwa kama mbwa aliyekufa barabarani. Yeye ndiye aliyempa maji. Vijiko vitatu. Yeye ndiye aliyemwimbia wimbo wa kanisani mpaka pumzi ikakatika. Aliuma meno akanyamaza. Kabuluku, alijiambia. Kumbuka Kabuluku.

Guelord hakulia. Alikuwa akimtazama Estelle, kisha Onésime, kisha Estelle tena. Ameishi katika siasa za ukoo tangu utoto, na pua yake si ya mchezo.

– Nkambo, alisema, mi nimeshindwa. Ninakubali. Lakini kabla ya pemba, mufyala wangu aape.

– Aape nini?

– Kama hakumuona. Si picha. Yeye mwenyewe. Minute moja tu, tunamaliza, tunakula.

Bibi alinyoosha mgongo.

– Iko haki. Kila mrithi anaapaka. Muite Séphora.

Séphora ni dada wa pekee wa Onésime. Alitoka nyuma ya nyumba, unga wa ugali mikononi, mimba yake ya miezi minane ikimtangulia.

– Yaya, fanya mbio, alimwambia kaka yake. Bukari itaungua, na mi sipiki mara mbili.

Alisimama mbele yake, akafungua kitenge kidogo. Alijua desturi. Kiti hupita katika tumbo la dada, kwa hiyo mrithi huapa juu ya tumbo la dada. Mtoto aliyekuwa ndani ndiye angekuwa mrithi wa Onésime, awe mvulana au msichana.

– Weka mukono, Nkambo Claudine alisema. Sema nyuma yangu. Kama niliona mfalme katika kufa kwake…

Onésime aliweka mkono.

– …hii tumbo isitoe mutoto muzima.

Siku kumi alikuwa amejitayarisha kwa uongo huo. Alikuwa ameusalia hata kwa magoti, akimwomba Mungu aupokee kwa ajili ya vijiji vitatu. Mimi sijui kama Mungu hupokea sala ya namna hiyo. Najua tu kwamba watu huisali, na walio wema wakiwamo.

Chini ya kiganja chake mtoto alijigeuza.

– Yaya? Séphora alinong'ona. Sema. Bote banangoja.

– Kama niliona…

 Alijaribu tena.

– Kama niliona mfalme…

– Anasahau mupesi hivi? Guelord aliuliza. Ni maneno kumi tu, mufyala.

Onésime aliondoa mkono wake juu ya tumbo. Alipiga magoti mbele ya mkeka wa bibi.

– Nkambo, nilimuona.

Wanawake waligeuka kumtazama.

– Hakukufa peke yake. Nilikuwa pale. Estelle amesema vile juu ya kunificha, musimukasirikie. Mjomba alinishika mukono, akaniomba nisimuache. Nilijua desturi. Sikumuacha. Nilifumba macho yake mi mwenyewe.

– Ulimupa mayi?

Hilo ndilo lililokuwa swali la kwanza la Nkambo Claudine. Si kiti. Si mlima.

– Vijiko tatu, nkambo. Alikunywa.

– Alisema nini?

– Alisema, aksanti mwana.

Bibi alivua miwani. Alilia bila kelele, mbele ya wote, machozi yakishuka katika mikunjo ya uso. Wanawake walianza kulia naye, lakini kilio kilikuwa kingine sasa.

– Umenirudishia mwana wangu, alisema mwishoni. Na umeniondolea mfalme. Weye huwezi kukaa tena, Onésime. Unajua.

– Najua, nkambo.

– Toeni pemba hapa.

Bakuli la udongo mweupe lilibebwa ndani. Estelle aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Séphora alifunga kitenge chake, akamshika kaka yake bega.

– Pole, mufyala, Guelord alisema. Mukweli kabisa. Ungekuwa pasta.

Kisha akapiga hatua mbele.

– Nkambo, desturi inasema nini sasa? Sema kwa nguvu, bote basikie.

Bibi alikawia. Alijua Guelord anataka nini. Alitazama upande huu na upande huo, kama mtu anayetafuta mlango katika ukuta. Lakini desturi iliyomwangusha Onésime ilikuwa desturi ile ile.

– Kama hakuna mrithi mwenye kusimama, kiti inangoja tumbo. Sasa inangoja mutoto ya Séphora.

– Na kabla ya mutoto kukomaa?

– Mwana wa mfalme analinda kiti. Anashika cachet.

– Merci.

– Ngoja! Bibi alipiga mkeka kwa kiganja. Mulinzi hauzishi udongo. Hata mulima, hata jiwe. Wakati mrithi iko, tumboni ao inje, cachet haigusi karatasi ya udongo. Umesikia, Guelord?

– Nimesikia, nkambo.

– Ukigusa, banamuke ya Kabuluku batakuya hapa bote, uchi, kukulaani.

– Nimesikia. Wakati mrithi iko.

Alitoa ile karatasi ya kampuni kwenye koti, akaitazama, akaikunja vizuri mara nne na kuirudisha mfukoni. Hakuichana. Onésime aliona hilo. Aliona pia kwamba Guelord hakuwa na hasira hata kidogo.

Cachet ililetwa, imefungwa katika kitambaa cheupe. Guelord aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kama mtoto wa kipaimara.

– Kuna kazi nyingine ya mulinzi, alisema. Nkambo hajaisema.

– Guelord…

– Mulinzi wa kiti analinda na tumbo. Mwanamuke mwenye kubeba mrithi analala kwa nyumba ya mulinzi mpaka kuzaa. Ni kweli ao ninasema uongo?

 Wanawake walikuwa wakitazama mikeka.

– Ana bwana! Onésime aliruka. Séphora ana bwana yake! Hawezi kwenda kwako!

– Émile? Émile iko Kasumbalesa, camion yake inangoja douane kwa mupaka siku ya ine leo. Atarudia lini? Muite. Muite sasa, tusikie.

Séphora alikuwa ameshika simu sikioni tayari. Mume wake, dereva wa lori kutoka Butembo ambaye hupokea simu yake hata akiwa katikati ya chakula, hakupokea. Alipiga mara ya pili. Sauti ya mashine ilisema kwamba namba hiyo haipatikani.

– Nkambo, Séphora alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kataa.

Nkambo Claudine alimtazama Séphora.  Alikuwa amemvua Onésime kiti kwa sheria, mbele ya watu arobaini, muda mfupi uliopita. Angewezaje sasa kuivunja?

– Mulinzi aahidi kwanza, alisema, na kila neno lilionekana kumwumiza. Mbele ya bashahidi. Kwa sauti.

– Na furaha yote.

Guelord alivua miwani yake ya jua. Alipiga magoti vumbini mbele ya Séphora, suti na yote, akapiga makofi matatu ya heshima. Kisha akaweka kiganja chake pale pale juu ya kitenge ambapo mkono wa Onésime ulikuwa umetoka.

Séphora alifunga macho.

– Miye Guelord, alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwa majirani waliokuwa wamesimama ukutani, miye mwana wa Lwembesha, ninaahidi mbele ya nkambo yangu, na mbele ya Mungu, na mbele yenu bote. Dada yangu Séphora analala kwangu leo. Chakula yake, nitaonja mi mwenyewe. Dawa yake, nitanunua mi mwenyewe. Hakuna docteur, hakuna infirmière mwenye ataingia bila mi kumuchagua. Na siku mutoto atatoka, mikono ya kwanza yenye itamupokea itakuwa hii yangu.